Ngazi Tatu

Tuzo ni ya kioo, ina uzito wa kilo moja na robo.
Najua, maana tuliiweka kwenye mizani ya unga
asubuhi yake, kabla theluji haijakwanguliwa mlangoni.
Delbert alitaka kujua sifa zina uzito gani.

Usiku wa sherehe tulikaa meza ya nyuma,
watu saba tunaonuka hamira hata tukioga mara mbili.
Thunder Bay, Januari, ziwa limeganda,
na wanaume wenye tai wanalitamka neno "ujumuishi"
kama mtu anayeonja supu ya mwenzake.
Wakamwita Oili Rautanen. Akapanda jukwaani
na viatu vya kazini, unga umo kwenye mishono.

Msemaji akasoma: ameajiri kiziwi,
ameajiri aliyetoka kifungoni,
ameajiri mama wa miaka hamsini na minane
aliyekataliwa mahali kumi na moja.
Huyo ni mimi. Nikatazama sahani yangu.
Ni ajabu kusikia maisha yako yakisomwa
kama orodha iliyo nyuma ya pakiti ya biskuti.

Hakusema kwamba Gaétan alipata kazi
kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kuamka saa nane usiku.
Hakusema mashine ya kukandia inavyonguruma
hadi sote tunakuwa viziwi, na yeye peke yake,
kiganja juu ya meza, ndiye anayesikia
beringi ikianza kuchoka, siku tatu kabla haijavunjika.
Hakusema tulijifunza ishara ya chumvi
baada ya kutupa mikate mia mbili.
Wala kwamba Oili na Delbert waligombana mwezi mzima
juu ya funguo za sanduku la fedha,
na siku alipompa hakutoa hotuba,
alimrushia tu: "Mikono yangu michafu, funga wewe."

Oili alishika kipaza sauti
kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.
Tukangoja asante.
Akasema: "Mwaka wa mafuriko alikuja msichana,
Lesia Hrynchuk, kuomba kazi ya kupamba keki.
Picha zake alimpa mpita njia aniletee ndani.
Kazi yake ilishinda yangu.
Yeye alibaki chini, barabarani,
kwenye kiti chake cha magurudumu.
Mlango wangu una ngazi tatu.
Nilimwambia nitampigia simu."

Mpiga picha akateremsha kamera.

Nyumba njema si mlango, husemwa,
fungua uingie ndani.
Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote,
mimi mwenye magoti mazima.

Hakuwaomba radhi watu wa ukumbini,
maana si wao walioachwa barabarani.
Alishuka, akaketi, akaionja keki ya sherehe,
akaninong'oneza: "Sukari imezidi."

Sasa tuzo imekalia michoro ya seremala
isipeperushwe na feni ya tanuri.
Mteremko unataka mita sita; njia ya miguu ina mbili;
lazima upinde, na kupinda kunataka kibali.
Manispaa iliyopiga makofi bado haijajibu barua.

Namba ya Lesia ilikuwa kwenye daftari la madeni, kwa penseli.
Jumanne, baada ya kuzima mashine,
Oili aliipiga, simu akailaza mezani, sauti wazi.
Mtu akapokea. Akasikia jina. Akanyamaza,
ila hakukata.
Nyuma ya ukimya ule kitu kilikuwa kinanguruma.
Gaétan akaweka vidole viwili juu ya simu,
akafumba macho, kisha akatuashiria,
polepole, ili sote tuelewe:
ana mashine yake mwenyewe.
Mwambieni beringi imechoka.