Mkanyaga Mivukuto

Miaka thelathini na minne nimepiga kinanda
katika kanisa letu la mawe, bonde la Abava, Latvia,
na mlangoni watu hunishika mkono:
"Umejaliwa vidole."
Vidole!
Nyuma ya ukuta wa mbao Indrikis alikanyaga mivukuto,
kushoto, kulia, koti likining'inia msumarini,
pumzi yake ikipanda kuwa pumzi ya mabomba.
Bila yeye ningekuwa napapasa meno ya ng'ombe mfu.

Hakujua nota hata moja.
Alijua ubeti wa mwisho huimbwa kwa kifua,
akanitangulizia upepo kabla sijauhitaji.

Mwaka jana tukachanga, tukanunua mota.
Askofu akampa cheti, tukapiga makofi, tukala keki ya tufaha.
Yeye aliuliza neno moja tu:
"Na bawaba, nani atazitia mafuta?"

Sasa hukaa benchi la tatu, katikati ya wajane.
Juzi, watu wakienda kwenye Meza ya Bwana,
nilichungulia kile kioo changu kidogo
nikauona mguu wake chini ya benchi,
ukikanyaga hewa tupu,
kushoto, kulia,
bila haraka, kama mtu aliye kazini.

Nikapunguza mwendo nimfuate.
Waimbaji wakapotea. Mchungaji akakohoa mara mbili.

Tangu siku hiyo, Bwana, ndivyo tunavyokutumikia:
mota inavuma yenyewe huko nyuma,
na mimi, mikono juu ya vibao,
nasubiri mguu wake ushuke.