Nyumba Haina Miguu

"Nyumba haina miguu," alisema babake Salhina
siku niliyouliza fungu langu.
"Kama mabati ni yako, panda ukayang'oe."
Nikatazama juu. Mabati thelathini na mawili,
niliyanunua mawili mawili kwa ujira wa kuchuma karafuu.
Nikatoka na cherehani, sinia, na mtoto.

Mwaka wa sita kampuni ya barabara ilimaliza lami yake,
ikaanza kuuza masalio: mapipa, toroli,
na ofisi ya msimamizi, nyumba nzima ya mbao
iliyokaa juu ya vyuma viwili
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.
Madirisha mawili. Mlango mmoja. Feni haizunguki.
Nikatoa pesa za kibati, nikatoa na bangili ya mama.
Karani akaandika: *Nyumba, moja, ya kuhamishika.*
Risiti ile niliisoma mara tatu
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Ukutani msimamizi aliacha ramani,
Wete mpaka Konde, kwa wino mwekundu.
Kiambo chetu hakimo.
Pale kilipopaswa kuwa
pana duara la kikombe cha chai.

Shaame dereva alisema tuondoke alfajiri,
nyaya za umeme zikipata joto hulegea.
Kijana wake alikaa juu ya paa na mwanzi mrefu,
akizinyanyua moja moja
kama anayefunua pazia la bibi harusi.
Ulikuwa msimu. Lami yote imetandikwa majamvi,
karafuu zinaota jua lisilo na ushuru.
Tulipopiga honi watu walikunja, tukapita, wakakunjua.
Kwenye kona ya Kinyikani mmoja hakuinuka.
"Nyumba ya nani hiyo?"
Nikatoa kichwa dirishani. "Yangu."
"Yako na nani?"
"Yangu na vyungu vyangu."
Alicheka mpaka akashika mbavu,
ndipo akalivuta jamvi.

Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe.
Kiwanja nimeachiwa na mama,
mkarafuu wa mlangoni ni wa Nasoro Tei,
na tawi lake moja lilizuia njia.
Akaja na makubadhi, akalitazama tawi,
akahesabu vishada kwa kidole.
"Pishi tatu."
"Mbili."
Injini inanguruma, Shaame anakohoa, mafuta yanaungua.
Nililipa mbili na nusu.
Panga likapiga, tawi likaangukia paa langu,
likalala pale na vishada vyake.

Waliishusha juu ya matofali. Imeinama kidogo.
Ukiweka limau sakafuni
linakwenda lenyewe mpaka kona ya mashariki.
Mlango unatazama choo cha jirani.
"Niigeuze?" aliuliza Shaame. "Elfu arubaini."
Nikasema iache, na yeye jirani atatuzoea.

Usiku mbao zililia.
Msumari baada ya msumari, ta, ta,
nikadhani inataka kurudi barabarani.
Nikaamka, nikaiwekea mkono ubavuni
kama unavyomshika mbuzi uliyemnunua leo.
Salhina akauliza gizani, "Mama, tumefika?"
Sikumjibu haraka.

Asubuhi Nasoro alikuwa nje, shingo juu.
"Nimefuata karafuu zangu."
"Zipi?"
"Hizo. Uliyonunua ni nafasi ya kupita."
"Nafasi haipimwi kwa pishi, Nasoro."
Akaondoka akinung'unika hadi njia panda.

Nikachukua ungo, nikaegemeza ngazi ya kuazima.
Bati lilikuwa limeshapata moto.
Nililikanyaga polepole, pale penye misumari,
nikachuma vishada vyote, kimoja kimoja,
nikashuka,
sikung'oa kitu.