Daftari la Ndama

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, mjini Tartu,
theluji imekwea dirisha hadi kiunoni
nami nimefunga aproni ya watu wembamba.
Mwalimu wangu, Maarika, ana umri wa sweta yangu.

"Umewahi kushona?" aliniuliza siku ya kwanza.
Nikamjibu: ng'ombe.
Akacheka, akanipa sindano butu.

Ni ng'ombe kweli, miaka thelathini na minne,
kwa magoti, kwa tochi niliyoiuma menoni,
katika mazizi ya Põlva yenye baridi ya kukata masikio,
mkono mmoja ukirudisha kizazi mahali pake,
wa pili ukipapasa ncha ya uzi.
Ngozi ya ng'ombe husamehe.
Karatasi ina kinyongo:
vuta kwa papara, inachanika mkunjoni;
legeza, na kitabu kizima kitacheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
"Vuta kufuata mgongo," asema, "usivutie kwako."
Uzi wa kitani, umepakwa nta,
unatoka, unaingia, unashika utepe, unatoka,
mwishoni kitanzi, halafu fundo,
na fundo langu ni lile lile la zizini.
Maarika akalitazama kitambo,
akaniomba nimfundishe.

Kuna kifaa cha kulazia mikunjo, cheupe, chembamba.
Nilikitambua kabla ya kuambiwa jina:
muundi wa ng'ombe,
umesuguliwa hadi ukawa kama kipande cha sabuni iliyokwisha.
Nikakirudisha mezani.
Nikakichukua tena. Kazi ni kazi.

Na kila karatasi, kumbe, ina upande iupendao kukunjwa.
Maarika huipinda karibu na sikio
kana kwamba itamnong'oneza.
Mimi sikuhitaji sikio. Manyoya nayo hulalia upande mmoja;
papasa kinyume uone teke.

Ninachokijalidi ni hiki:
daftari la ndama niliowapokea,
nyuma ya stakabadhi za maziwa, nyuma ya bili za pumba,
kwa penseli, kwa wino, mara moja kwa iodini,
karatasi ambazo marehemu Heljo alizifunga
kwa kamba ya marobota ya nyasi.
Nambari 212: miguu ya nyuma ilitangulia. Hai.
Nambari 1408: pacha; mmoja.
Nambari 1409 haina kitu ila neno: Nilichelewa.

Gundi hainisubiri nimalize kusoma.
Brashi kutoka katikati kwenda kingoni,
shashi mgongoni, kadibodi mbili, kitambaa cha kijani,
pembe zikunjwe kama shuka za hospitali,
funga, bana kwenye jiliwa, nenda nyumbani ukalale.
Sikulala.

Alfajiri nilikuwa mlangoni kabla ya mwenye ufunguo.
Kitabu kilitoka kimenyooka, kizito, kinanukia unga.
Nikakifungua:
ndama wote kichwa chini, miguu juu.

Maarika akaziba mdomo kwa kiganja.
"Kisu," akasema. "Dakika kumi tu,
tunalibandua jalada, tunaligeuza."
Nikamwambia, ngoja.
Nilitia mkono mmoja chini ya kitabu,
wa pili juu, nikakizungusha taratibu
jinsi nilivyowazungusha wao, gizani, kwa kukisia,
hadi pua ikaja mbele.
Nambari 1: jike, paji jeupe. Alisimama kabla sijanawa.

Kiache hivyo, nikasema.

Jumanne iliyofuata nilikuta kadibodi zangu zimekwisha katwa.
Juu ya moja, kwa penseli nzito, mshale,
na mwandiko wa Maarika:
HUKU NDIKO JUU, DAKTARI.