Daftari la Vipimo

Daftari langu lina mafuta ya cherehani na majina.
Ukurasa wa thelathini na moja: Feza binti Sumaili.
Kifua, kiuno, urefu wa mkono,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu: ushungi, mita mbili.

Mara ya kwanza alikuja na picha iliyokataliwa.
"Wanataka nivue cha kichwani,
eti sura ionekane kwenye karatasi ya kura."
Nikamshonea wa rangi ya maziwa, umekaza pajini,
masikio ndani, uso wote nje kama mwezi wa kumi na nne.
Mimi Mkatoliki wa Cahi, ya msikitini siyajui.
Pindo nalijua.

Mwaka ule alipata kura mia nne na kumi na mbili.
Buholo, baada ya Ijumaa, walisema: mwanamke atangulie?
Parokiani walisema: Mwarabu yule.
Baba yake aliuza sabuni Kasongo,
Arabuni alikuona kwenye kalenda tu.
Soko la Kadutu halikusema kitu.
Lilimkopesha unga.

Mara ya pili aliagiza kitenge kimoja
na wauza ndagala themanini.
Siku kumi na moja bila umeme, nikikanyaga kwa mguu.
Akaingia.

Kiti chake kilikuwa nyuma, karibu na mlango wa choo.
Wenzake walimwaga Kifaransa kama mvua ya Novemba.
Yeye akasimama, akauliza kwa Kiswahili:
"Daraja la Kawa limelipwa mara tatu.
Nionyesheni msumari mmoja."
Msumari mmoja! Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nao mdomoni,
hata watoto waliokosa nyama kwenye mchuzi.

Kiuno nilikiandika upya mara mbili miaka ile.
Kwanza nikaongeza. Kisha nikapunguza,
mwaka waziri alipoitwa kujibu
na hoja ikaanguka kwa kura mbili,
zote za chama chake mwenyewe.
Watu wanataja bahasha. Mimi sikuwepo.
Nilichoona ni gauni lililorudi na kwapa limefumuka,
la mtu aliyenyoosha mkono mchana kutwa
akiomba neno asipewe.

Walimfuta kwenye orodha.
Mshahara wa miezi tisa bado uko njiani.
Daraja? Mbao mbili na waya.

Jumamosi alishuka ngazi zetu za udongo, goti likimsumbua,
akaniwekea mezani faranga zilizolainika kama kitambaa kikuukuu:
deni la gauni la kuapishwa.
Mimi nilikwisha kulisahau. Daftari, hapana.
"Futa," akasema.
Sina kifutio. Nikapiga mstari.

Hakuondoka.
Aliitazama kamba ya kupimia shingoni mwangu,
akatazama nje, akacheka peke yake.
"Haya, fundi, nipime.
Na safari hii, kwapani uache nafasi."