Pembe Iliyopungua

Ibra, saa nne usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Rayya anakariri kama anayevuta tasbihi kwa pupa:
*hasi b, jumlisha au toa, kipeuo cha pili cha…*
anakwama palepale, anarudi mwanzo,
gari linalozunguka kipilefti
bila kuiona njia ya Sinaw.

Nami niko chini, mkasi mkononi,
kanzu ya kijani ya usiku wa hina, ya binti wa watu,
imetandazwa mkekani. Najifanya sisikii.

Mimi pia niliimeza, miaka ile,
nikaitema kwenye karatasi ya mtihani,
nikapata alama zangu, nikaolewa.
Hakuna aliyeniambia imetoka wapi.
Nilidhani imeshuka.

"Nipe swali," nikasema.
Akacheka kwa pua. Akaandika sakafuni kwa chaki yangu ya nguo:
eksi mraba, jumlisha eksi sita, ni sawa na kumi na sita.

Nikachukua kipande cha bitana, mraba.
Upande wake siujui; nikauita vivyo hivyo, eksi.
Nikakata ukanda, urefu eksi, upana sita,
nikaupasua katikati, tatu na tatu,
mmoja nikaulaza kulia, wa pili chini.

"Tazama. Pamepungua nini?"

Kimya. Hata kiyoyozi kilizima.
Akaweka kidole penye pembe tupu.
"Tatu kwa tatu," akasema. "Tisa."
Kiraka kikakaa.

Kumi na sita na tisa, ishirini na tano.
Upande mzima ni tano. Toa tatu: mbili.
Akashusha pumzi
kama aliyeonyeshwa uso wa mtu
ambaye jina lake amelitaja mwaka mzima.

"Kumbe b yote ile, na nne a c,
ni hiki kiraka tu?"
Ni hiki kiraka, kwa nguo ya kila saizi.

"Mwalimu Badriya anasema *jabr* ni kuunga mfupa uliovunjika."
Na kushona, nikamwambia. Mwambie, na kushona.

Akainama tena kwenye daftari. Halafu:
"Lakini mama, hiyo tano yaweza kuwa hasi.
Kanuni inatoa jibu la pili. Hasi nane.
Nguo gani ina upande wa hasi nane?"

Nikatazama juu ya cherehani, kitabu cha wateja:
Bi Maatuqa, kanzu mbili na shela,
hajalipa tangu Shaabani.

"Ipo," nikasema. "Iandike."