Zamu ya Maji

Thuwaini, saa ya kupimia mbio ni yako sasa.
Kioo kina ufa pembeni; usikibadilishe.
Niliiangusha Birkat al-Mauz, mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi,
siku niliyomwambia Haitham wa Bi Shemsa,
"Ongeza raundi moja,"
naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaongeza.

Nilikuwa na methali yangu, kila mazoezi naitoa:
mchumia juani hulia kivulini.
Sikuwahi kujiuliza hilo "hulia"
lina maana ngapi.

Hakulalamika. Likumbuke hilo kabla ya mengine yote.
Anayelalamika bado ana akiba.
Mwogope anayekujibu "sawa, kocha" kwa midomo mikavu,
jasho limemkatika,
anakimbia kichwa chini
kama aliyedondosha ufunguo barabarani.

Tulimlaza ndani ya falaji, na viatu vyake.
Maji yakamkuta begani, yakasita, yakamzunguka.
Chini kule mitendeni mfereji ukapungua,
na Bi Zamzam, mwenye zamu, akapanda kwa hasira,
jembe mkononi:
"Nani kaniziba?"
Akaona.
Akavua viatu, akaingia, akamshika kichwa.
"Mwacheni," akasema. "Zamu yangu ya leo ni yake."

Ambulensi ilitoka Nizwa. Bi Shemsa hakunisemesha hadi Ramadhani.

Jioni nilirudi mferejini peke yangu, nikatazama wanavyogawa:
shamba hili nusu saa, lile robo, kisha kizibo, kisha jingine.
Hakuna anayefungulia yote kwa mara moja
ati kwa sababu mitende ya juu ina bidii.
Ratiba yangu nikaichana pale pale.

Sasa sikiliza, haya si mengi.
Kiangazi mkimbie baada ya alfajiri, chini wadini, penye changarawe,
na jua likigusa mnara, mkae.
Mlima wa Saiq mara moja kwa wiki, nao muishie kona ya tatu.
Chumvi kidogo majini. Tende tatu; ya nne ni ya ulafi wako.
Mtu akisema goti linamuuma, usimuulize "kiasi gani?"
Mtazame akishuka ngazi.

Akili nayo ina misuli, ila haivimbi, ndiyo maana tunaisahau.
Usimwambie mtu "usiogope." Muulize hofu yake inakaa wapi.
Ya Haitham ilikaa kwenye taya.
Basi kabla ya kila shindano hutafuna tende moja,
pole pole, hata baada ya kwisha,
mpaka mlio wa bastola.
Akikimbia huhesabu hatua, moja hadi thelathini, anaanza upya,
kwa Kiswahili cha bibi yake wa Ng'ambo.
Kiarabu, anasema, ni cha marefa;
mapafu yana lugha yao.

Alirudi, ndiyo. Baada ya miezi mitano, kwa kutembea.
Mwaka jana, Maskati, akatoka wa nne,
akaja ananicheka, kwa kuwa aliyelia ni mimi.

Na wewe lala. Kocha aliyekesha
husoma saa vibaya, na sura vibaya zaidi.
Ukipandwa na hasira, nenda kaokote koni uwanjani,
zote, moja moja, ndipo urudi useme.

Jambo la mwisho: kitufe kimeharibika tangu siku ile,
ukikibonyeza kinakawia kidogo kabla ya kuitika.
Fundi wa Ruwi alitaka riali mbili, nikamkatalia.
Katika ule ukimya mdogo
huwa nanyanyua macho.