Nimeshapalilia

Mwaka ule ulianza kwa ufagio.
Januari walikuja vijana wawili na kompyuta bapa,
wakahesabu kanda zetu, santuri zetu,
wakasema, "Yote haya yanaingia humu,"
wakaonyesha kidude kama ukucha wa gumba.
Chedego, fundi mitambo, aliguna tu.
Kanda ya zeze tuliyorekodi Mvumi,
ile yenye mbwa anayebweka wimbo wa tatu,
iliingia.
Mbwa wakamfuta.

Kisha yakaja masafa.
Tulikuwa tisini na saba nukta nne
tangu paa la studio likingali jekundu.
Tukasogezwa kama wauza nyanya:
pisheni, nendeni kule mwisho wa mstari.
Wiki tatu nzima nilitangaza, "Tumehama, tufuateni,"
nikiwaambia wale tu waliokwisha kutufuata.
Kule Bahi walizungusha kitufe, wakakuta mvumo,
wakatupigia simu
kutupa pole ya msiba.

Mei mwenye redio akauza redio.
Hatukuambiwa. Tuliona chai imekatwa.

Juni nikaitwa ofisini:
"Dada Nyemo, sauti unayo,
ila kuanzia Jumatatu vipindi vyote vinatoka Dar."
Miaka kumi na tisa, dakika nne.
Na mimi tangazo la ng'ombe mmoja aliyepotea
nilikuwa nalisoma mara tatu,
rangi yake, pembe yake, chapa yake.

Siku hizi asubuhi kuna kijana mchangamfu,
sina ugomvi naye,
anawasalimu watu wa Makutupora
kwa matamshi safi, kama anayesoma chupa.
Anatuambia tubebe miavuli.
Mvua ya kwao hiyo.
Huku Agosti upepo umeshika mabati,
vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Nilichoondoka nacho ni katoni moja:
kadi za salamu ambazo hazikusomwa.
Mtu amenunua kadi kwa shilingi mia tano,
ameandika kwa kalamu ya kuazima,
anasubiri.
Moja ilianguka nyuma ya meza siku ile ya ufagio.
"Mimi Elieza Madeje wa Chigongwe,
jirani na mashine ya kusaga,
namsalimu mke wangu Mchiwa, wodi ya pili,
nawasalimu wauguzi wa zamu ya usiku.
Ujumbe: nimeshapalilia."

Nimeshapalilia.
Nililibeba neno hilo Julai, Agosti,
likiwasha kama pumba ya uwele shingoni.
Septemba nikapanda basi la asubuhi.

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.
Elieza akatoka, mweupe wa unga hadi kope,
nikamwambia jina langu akashika kichwa:
"Ni wewe! Wewe ndiye uliyemwambia!"
Akaniketisha, akaita, akasimulia
jinsi mkewe pale kitandani
ugonjwa hakuuogopa, aliogopa magugu;
jinsi alivyorudi nyumbani Machi, mkonda kama fito,
naye akamuuliza, ulisikia redioni?
akajibu, "Nilisikia.
Dada yule alisoma vizuri,
nikalala usiku ule."

Mchiwa alikuwa amesimama mlangoni pa jiko
na ungo mkononi.
Hakupepeta. Alinitazama
kama mtu anayemtazama mwenye deni
mbele ya watu.

Ukutani, kwenye msumari, redio yao ndogo
yenye betri zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli
ilikuwa bado tisini na saba nukta nne,
inavuma, shhh,
hakuna aliyeigusa.

"Niliisoma," nikasema.
"Mara mbili."

Ndipo ungo ukaanza kupeta,
na makapi yakaruka kuelekea kwangu,
mepesi.